Kwenda Andechs: kanisa kwanza, bia baadaye, na kurudi bila kuteleza

Andechs ni monasteri ya Wabenediktini iliyokaa juu ya kilima katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kama kilomita 40 kusini-magharibi mwa München. Wenyeji wanapaita Heiliger Berg, Mlima Mtakatifu. Aliyekulia chini ya Meru au Kilimanjaro atacheka: kilele kiko mita 711 juu ya usawa wa bahari, na ziwa la Ammersee lililo chini yake liko mita 533, kwa hiyo unapanda mita zisizofika 200. Kupanda ni kazi ya saa moja na kidogo. Kinachowashinda watu ni kushuka. Njia fupi ya miguu inapita kwenye korongo lenye mizizi na mawe ya utelezi, na huku juu panauzwa bia ya asilimia 7.1 kwa glasi ya lita moja. Siku ya Andechs basi ipangwe kuanzia mwisho: amua utarudi vipi, ndipo uamue utakunywa nini.

Ni mahali gani hasa

Hija ya Andechs inatokana na masalia matakatifu, hasa Hostia tatu, yaani mikate ya Ekaristi. Kwa mapokeo, mbili ni za Papa Gregori Mkuu na moja ni ya Papa Leo IX. Masalia hayo yalikutwa yamefichwa kanisani mwaka 1388, na mahujaji wakaanza kumiminika. Mwaka 1455 Mtawala Albrecht III wa Bavaria aliwakabidhi Wabenediktini mahali hapo. Watawa walipaswa kumpokea kila mgeni aliyefika kwa miguu, kumlisha na kumnywesha, na bia ilikuwa sehemu ya ukarimu huo. Ndiyo maana ukumbi wa bia uko hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa. Haukuletwa na watalii.

Mwaka 1803 serikali ilizifunga monasteri za Bavaria, Andechs ikiwemo. Mfalme Ludwig I aliinunua mwaka 1846, na mwaka 1850 akaipa abasia mpya aliyoianzisha mjini München, St. Bonifaz. Mpaka leo Andechs ni mali ya abasia hiyo. Mapato ya bia yanaendesha maisha ya watawa na kazi zao, pamoja na huduma kwa watu wasio na makazi mjini München.

Msomaji wa Songea au Masasi angalizo moja. Wamisionari waliojenga Peramiho (1898) na Ndanda (1906) hawakutoka hapa. Walitoka St. Ottilien, monasteri nyingine ya Wabenediktini iliyo upande wa pili wa ziwa hilihili, yenye shirikisho lake. Watu huzichanganya mara nyingi, hata kwenye tiketi. Habari za St. Ottilien ziko chini kidogo.

Kuchagua siku

Ukitaka utulivu, nenda Jumanne au Jumatano, ufike saa nne asubuhi. Jumapili yenye jua kuanzia saa sita mchana ndiyo mbaya kuliko zote: foleni ya chakula, foleni ya bia, foleni ya choo, na meza zote zimejaa.

Ukitaka kuona hija yenyewe, ni habari nyingine. Msimu wake ni kuanzia masika ya Ulaya hadi vuli, na kilele kiko kwenye siku tatu za maombi kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ambapo vijiji vya jirani hupanda kwa maandamano, msalaba mbele, wakisali rozari kwa sauti. Watu wengine hutembea kutoka mbali zaidi, maana njia ya hija iitwayo njia ya Yakobo inayotoka München kuelekea Ziwa Konstanz inapita Andechs.

Lakini Alhamisi yenyewe ya Kupaa iepuke, isipokuwa umekuja na kundi la mahujaji. Ujerumani siku hiyo ni pia siku ya akina baba, na desturi ni wanaume kwenda matembezi wakivuta kigari kilichojaa bia. Wengi huelekea mahali pa namna hii, na wengine hufika wakiwa wameshalewa.

Majira ya baridi monasteri iko wazi na ni nzuri sana ikiwa na theluji, ila korongo linakuwa barafu. Nenda kwa basi.

Treni

Panda S8, treni ya mji na vitongoji, hadi Herrsching, kituo cha mwisho. Laini hiyohiyo inaanzia uwanja wa ndege wa München, kwa hiyo anayetua asubuhi anaweza kuja moja kwa moja bila kubadilisha. Kutoka katikati ya jiji ni dakika 50 hivi. Kuna mambo matatu yanayowakwamisha wageni:

Kwanza, si kila S8 inafika Herrsching. Nyingine huishia njiani. Soma jina la mwisho kwenye bango la jukwaa, usisome namba peke yake, na hakikisha huendi upande wa uwanja wa ndege.

Pili, wikiendi mara nyingi kuna ukarabati kwenye njia ya chini ya ardhi katikati ya München na treni hukatishwa. Tazama ratiba usiku wa kuamkia safari, si wiki moja kabla.

Tatu, tiketi. Kundi la watu hadi watano linaokoa pesa kwa tiketi ya kundi ya siku nzima au Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo zima la Bavaria. Bayern-Ticket siku za kazi huanza kutumika saa tatu kamili asubuhi. Ukipanda saa mbili na nusu huna tiketi, na faini ni euro 60 kwa kila mtu. Andika majina juu yake kwa kalamu kabla ya kupanda. Tiketi yenye nafasi ya kugongwa muhuri igongwe kwenye mashine kabla ya safari, maana mkaguzi mara nyingi havai sare na hasikilizi hadithi.

Herrsching jaza chupa ya maji, nunua ndizi au mkate. Korongoni hakuna duka.

Kupanda kwa korongo la Kiental

Anayetembea na mtoto wa kigari, anayetumia fimbo au aliyevaa viatu vya kanisani achukue basi kutoka mbele ya kituo. Bado ni hija. Wengine fuateni kijito cha Kienbach kwenda juu, mkipita katikati ya nyumba mpaka zinapoisha na msitu unaanza. Vibao vya *Kloster Andechs* vinaonekana tangu mjini. Umbali ni kilomita 4 hadi 5. Mtu wa kawaida hutumia saa moja na robo, na mkiwa na watoto hesabuni saa moja na nusu.

Sehemu kubwa ya njia inapanda taratibu, kijito kikiwa pembeni yako. Udongo wa kingo za korongo ni changarawe na mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, umeshikana kwa mizizi tu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, au dhoruba ikipita, miti huanguka na mawe huporomoka, na halmashauri hufunga njia. Ukikuta kizuizi kimeandikwa *Gesperrt*, yaani imefungwa, geuka. Usifuate nyayo za waliokiruka. Ipo njia nyingine ya juu, Hörndlweg, inayopita mgongoni mwa kilima badala ya chini korongoni. Ni ndefu kidogo, ina jua zaidi, na udongo wake hukauka mapema.

Viatu viwe na soli yenye meno. Vuli ndiyo yenye hila zaidi: majani ya miti hufunika mizizi, na mizizi iliyolowa huteleza kama sabuni. Kanyaga kati ya mizizi, usikanyage juu yake.

Mwishoni njia inakuwa ya ngazi na mwinuko mkali kwa dakika kumi hivi. Hapo ndipo waliokuja mbio hukaa chini. Pumzika, funga koti, kwa sababu juu kuna upepo na umelowa jasho.

Mnaokuja kama jumuiya au kwaya, na mnataka kupokelewa kama mahujaji, iandikieni monasteri wiki kadhaa mapema. Tajeni idadi yenu, saa ya kufika, kama mna padre wenu, na kama mnaomba Misa. Kundi lisilotangulia kuandika litaingia kanisani kama watalii wengine, na huenda likakuta Misa ya kundi jingine imeanza.

Kanisani

Ingia kanisani kabla ya kukaribia bia. Si suala la adabu tu. Ukishakaa na glasi hutainuka, halafu mlango wa kanisa utakuwa na kundi la Misa ya jioni. Vaa kama unavyovaa kwenda kanisani kwenu, na kofia ivuliwe na wanaume. Picha zinapigwa nje ya ibada tu, bila mwanga wa kamera.

Unachokiona ndani, dhahabu na michoro ya dari, ni kazi ya Johann Baptist Zimmermann ya miaka ya 1751 hadi 1755, iliyofanywa kwa ajili ya jubilei ya miaka 300 ya monasteri. Kuta zenyewe ni za zamani zaidi, za Kigothi. Mnara uliungua kwa radi mwaka 1669 ukajengwa upya.

Simama katikati utazame mbele: altare kuu ni ya ghorofa mbili, na kila ghorofa ina sanamu yake ya Bikira Maria. Imepangwa hivyo kwa ajili ya msongamano. Kanisa lina roshani inayozunguka, ili mahujaji wengi wafuate ibada kutoka juu na chini kwa wakati mmoja. Wageni wengi hutazama dari, wakapiga picha, wakatoka bila kuelewa kwamba jengo lote ni mashine ya kupokea umati.

Tafuta pia mishumaa mikubwa ya nadhiri, mingine mirefu kuliko mtu, iliyoletwa na vijiji kushukuru baada ya kunusurika na tauni, vita au mvua ya mawe. Vijiji vingine bado vinaleta. Wewe washa mdogo. Beba sarafu, kwa kuwa kisanduku hakitoi chenji. Katika kikanisa cha pembeni amezikwa Carl Orff, mtunzi wa muziki aliyefariki mwaka 1982.

Kikanisa cha masalia hakiko wazi wakati wote. Huonyeshwa kwenye ziara zenye kiongozi, basi uliza mapokezini mara tu unapofika. Mnara hupandwa kwa ngazi nyembamba za mbao, na siku isiyo na ukungu Milima ya Alpi inaonekana. Mwenye hofu ya kubanwa asijaribu.

Bia na jinsi ya kuikabili

Ukumbi wa bia unaitwa Bräustüberl, na una bustani na baraza. Hakuna mhudumu wa kukufuata. Unachukua trei, unapanga foleni ya bia kwenye dirisha moja na ya chakula kwenye jingine, unalipa, unabeba. Mkiwa wawili gawaneni foleni. Mmoja akae kwanza kushika nafasi.

Meza ni ndefu na hushirikiwa na watu msiofahamiana. Kabla ya kukaa uliza *Ist hier frei?*, yaani hapa pana nafasi? Meza yenye kibao cha *Stammtisch* ni ya wenyeji wa kudumu, usikae hata ikiwa tupu. Mkigonganisha glasi, tazamaneni machoni. Na msianzishe nyimbo, hata kama mmekuja na kwaya nzima na mmechangamka. Hapa ni nyumba ya watawa, kelele hazipendwi, na ukumbi hufungwa mapema jioni.

Bia zilizo muhimu kuzijua ni hizi. *Hell* ni ya dhahabu, asilimia 4.8, nyepesi. *Spezial Hell* inafanana nayo kwa sura lakini ni asilimia 5.9, na wengi hawajui tofauti mpaka wasimame. *Weissbier* ni ya ngano, yenye ukungu na harufu inayokaribia ndizi mbivu, asilimia 5.5. Na *Doppelbock Dunkel*, nyeusi yenye wekundu, asilimia 7.1, ndiyo iliyoipa Andechs jina.

Inafaa kujua Doppelbock inapikwaje, maana utamu wake ndio mtego wake. Kimea cha shayiri kikishachanganywa na maji ya moto, sehemu ya uji ule hutolewa, huchemshwa kwenye sufuria nyingine, kisha hurudishwa, na joto la pipa zima linapanda ngazi moja. Hufanyika zaidi ya mara moja. Kuchemsha huko kunapasua wanga na kuunguza sukari kidogo, ndipo inapotoka rangi na ladha ya ganda la mkate. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10 hivi, halafu bia hulazwa kwenye baridi kali wiki nyingi. Mnywaji wa mbege aliyezoea kinywaji cha kumalizwa leo au kesho atashangaa: hapa muda ni kiungo. Matokeo yake ni bia laini, nzito, tamu, isiyochoma koo. Mdomo hauoni pombe.

Basi fanya hesabu badala ya kuuliza mdomo. Lita moja, ambayo Wabavaria huiita *Maß*, ya Doppelbock ina mililita 71 za pombe tupu. Chupa ya nusu lita ya Safari, asilimia 5.5, ina mililita 27.5. Tusker ya nusu lita, asilimia 4.2, ina 21. Glasi moja tu basi ni zaidi ya Safari mbili na nusu, au Tusker tatu na zaidi. Mtu wa kilo 70 akiimaliza haraka anakaribia promile 1 (sehemu moja ya pombe kwa elfu) kwenye damu, na mwili huondoa 0.1 hadi 0.15 kwa saa.

Utaratibu unaofaa: kwanza maji, maana umepanda na una kiu, na kiu hukatwa kwa maji. Kisha *Radler*, nusu bia nusu soda ya limau, au *Hell* ya nusu lita. Kula. Doppelbock ije mwisho, nusu lita, na kama ni zamu yako ya kuendesha gari isije kabisa. Ujerumani kikomo cha dereva ni promile 0.5, lakini kuanzia 0.3 unashtakiwa ukifanya kosa barabarani au ajali ikitokea. Dereva wa chini ya miaka 21, au mwenye leseni ya majaribio, kikomo chake ni sifuri.

Chakula kinachotajwa sana ni mguu wa nguruwe wa kuchoma, *Schweinshaxe*, ngozi ikiwa kavu na kuvunjika kama kaukau. Huuzwa kwa uzito. Bei unayoiona ukutani ni ya gramu 100, na mguu mzima wenye mfupa hupita nusu kilo kirahisi. Anayesoma bei bila kusoma gramu hupata mshtuko kwenye mashine ya kulipia. Onyesha kipande unachotaka, kipimwe, ndipo ukubali. Watu wawili wanatoshwa na mmoja.

Asiyekula nguruwe ana *Obatzda*, jibini laini iliyopondwa na siagi, kitunguu na paprika, kwa mkate wa *Breze*. Ana pia figili nyeupe, *Radi*: hukatwa nyembamba mfululizo kama mkufu, hunyunyizwa chumvi katikati ya vipande, huachwa dakika chache mpaka itoe machozi, kama wasemavyo wenyewe, ukali upungue. Usiile kabla haijalia. Saladi ya viazi ya Bavaria iulizie, kwa sababu mara nyingi hulainishwa kwa supu ya nyama. Na asiyegusa pombe kabisa aelewe kwamba bia iliyoandikwa *alkoholfrei* inaruhusiwa kuwa na pombe hadi chini kidogo ya asilimia 0.5. Salama kwake ni *Apfelschorle*, juisi ya tufaha na maji ya gesi.

Kurudi

Basi la mwisho lipige picha kwenye kibao cha kituo mara unapofika, kabla ya kuona glasi. Jioni na sikukuu mabasi hupungua sana. Kushuka kwa miguu kunawezekana ikiwa umebakiza saa mbili za mwanga na umekunywa kidogo. Msituni giza huingia mapema kuliko ziwani, na taa ya simu inaonyesha hatua moja tu. Ukichelewa, chagua barabara na teksi. Usichague korongo.

Ukiwa na siku ya pili, lala Herrsching na asubuhi uvuke ziwa kwa meli ya abiria, zinazotembea kuanzia karibu na Pasaka hadi Oktoba. Shuka Dießen au Utting, panda treni ndogo ya pwani ya magharibi inayokwenda Geltendorf, na ushuke kituo cha kabla ya hapo, St. Ottilien, kilicho mlangoni mwa monasteri. Mtanzania hujikuta nyumbani hapo kwa namna ya ajabu kidogo, maana majina ya Peramiho na Ndanda hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote.

Bia ya kwenda nayo nyumbani inunue ya chupa, uiweke kwenye begi linalopimwa, ndani ya soksi na mfuko wa plastiki uliofungwa. Usitegemee kuivusha ukaguzi ndani ya begi la mkononi. Bei ya dukani ina hela ya chupa ndani yake, senti 8 kwa chupa ya kizibo cha kawaida na senti 15 kwa ile ya kizibo cha waya. Chupa utakazonywea München rudisha duka lolote kubwa linalouza bia, kwenye mashine iliyo karibu na mlango, na karatasi inayotoka uipeleke kaunta siku hiyohiyo kabla hujaipoteza.